Mama Yake Yuko Wapi? Swali Tulilolicheka Kwenye Picha ya Staa na Mtoto wa Dubu

Leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, tuongee kuhusu dubu. Ndiyo, dubu. Najua kuna watakaosema nimeishiwa habari, lakini nisomeni mpaka mwisho, maana na hili nalo limeanzia kwa staa.

Wiki chache zilizopita dada yetu mmoja maarufu hapa mjini, jina nalihifadhi, alikuwa mapumzikoni nje ya nchi. Akatupia picha amempakata mtoto wa dubu, kamshikia chupa ya maziwa, nguo na manyoya vimeendana utadhani walipanga. Watu tukamwaga makopakopa. Katikati ya komenti zote zile mtu mmoja akaandika maneno manne tu: "Mama yake yuko wapi?"

Alichambwa huyo! Akaambiwa ana wivu. Akaambiwa atafute hela na yeye aende. Mwingine akamjibu kwamba mama yake yuko saluni. Na mimi nikiri mbele yenu: hiyo ya saluni niliipiga laiki.

Baadaye swali likanirudia, nikaona kumbe aliyeuliza ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Kwetu hakuna dubu wa porini. Wale wa mwisho wa bara letu, dubu wa milima ya Atlas kule Morocco na Algeria, wanaaminika walitoweka miaka ya 1800. Sisi dubu tunamjua kwa katuni, kwa simu, na kwa kwenda kwenye bustani za wanyama za watu. Simba tukimuona kafungwa tunajua katokea wapi. Dubu tunamkuta tu yupo, kama vile alikuja na ukuta.

Hakuja na ukuta. Kila dubu unayemuona nyuma ya kioo kuna mtu alimchagua, kuna njia alipitia, na mara nyingi kuna hela au makubaliano nyuma yake. Ni kama dirisha la usajili la mpira: kuna wa kununuliwa, wa kubadilishana, wa mkopo, wa zawadi, na wale waliokuzwa kwenye timu ya vijana. Ngoja niwapitishe, halafu tuamue wenyewe.

Wa kununuliwa, na wa kubadilishana na twiga

Tuanze na yule ambaye watoto wenu wanamjua. Agosti 1914, daktari wa wanyama wa jeshi la Canada, Luteni Harry Colebourn, alikuwa kwenye treni akielekea vitani. Treni iliposimama White River, Ontario, akakutana na mwindaji mwenye mtoto wa dubu mweusi. Akamnunua kwa dola 20, akampa jina la Winnie kwa ajili ya mji wake wa Winnipeg. Alipotakiwa kuvuka kwenda Ufaransa, akamuacha bustani ya wanyama ya London, Desemba ya mwaka huohuo. Huyo ndiye aliyetoa jina la Winnie-the-Pooh, yule dubu wa vitabu na katuni. Mama yake alikuwa wapi? Inasimuliwa kwamba mwindaji alikuwa amemuua. Habari ya kupendeza kuliko zote za dubu duniani inaanzia hapo, na hakuna anayeisimulia kwa kuanzia hapo.

Zamani hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida. Mama anauawa, mtoto anauzwa.

Halafu kuna kubadilishana. Mwaka 1958 dalali mmoja wa wanyama kutoka Austria, Heini Demmer, alimtoa Chi Chi, panda jike, kwenye bustani ya Beijing. Unajua alilipa nini? Alilipa wanyama wa Afrika: twiga, vifaru, viboko, pundamilia. Wanyama wa huku kwetu ndio waliokuwa sarafu ya kumnunulia dubu! Demmer alitaka kumpeleka Marekani, lakini serikali ya kule ilikuwa imepiga marufuku bidhaa za China, na panda naye akahesabiwa ni bidhaa. Basi akaishia London, na ndiye aliyewapa watu wa WWF wazo la ile nembo yao ya panda mwaka 1961. Kwa hiyo ukiiona ile nembo kwenye fulana ya mtalii, kumbuka kuna twiga wa bara lako alisafirishwa mbali ili ipatikane.

Wa mkopo: panda na bili yake

Panda ni dubu pia, msibishane kwenye komenti. Zipo aina nane za dubu duniani na yeye ni mmoja wao. Ila huyu ni staa mwenye meneja mkali.

Mwaka 1972, baada ya Rais Nixon kwenda China, Wachina waliwapa Wamarekani panda wawili, Ling-Ling na Hsing-Hsing. Hao walikuwa zawadi ya kweli. Kuanzia miaka ya 1980 China ikaacha kugawa, ikaanza kukopesha. Siku hizi mkataba wa kawaida ni wa miaka 10, na bustani za Marekani zimekuwa zikilipa mpaka dola milioni 1 kwa mwaka kwa jozi moja. Wakizaa, mtoto ni wa China. Umemlea wewe, umemlipia daktari wewe, lakini siku ikifika anapanda ndege.

Washington waliagana na panda wao Novemba 2023, mizigo ikapakiwa, watu wakalia kama msibani. Oktoba 2024 wakaletewa wengine wawili. Qatar nao walipokea jozi yao Oktoba 2022, mwezi mmoja tu kabla ya Kombe la Dunia, wakawapa majina ya Kiarabu, Suhail na Thuraya. Ndugu zetu mnaofanya kazi Doha mtatuambia foleni ilikuwaje.

Lakini sikilizeni ya Finland. Bustani ya Ähtäri ilipokea panda wawili Januari 2018, mkataba wa miaka 15. Wakajenga mjengo wa zaidi ya euro milioni 8. Matunzo pamoja na ada ya China yakafika kama euro milioni 1.5 kwa mwaka. Ikaja korona, wageni wakapotea, bei za vitu zikapanda. Novemba 2024 panda wakarudishwa kwao, miaka kadhaa kabla ya muda. Hapo ndipo unaona kwamba dubu alichaguliwa kama staa wa tamasha: akijaza uwanja anabaki, uwanja ukiwa mtupu anarudi.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Panda wameongezeka porini, na mwaka 2016 walitolewa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka wakashushwa kuwa walio katika mazingira magumu. Misitu yao ililindwa, na ada hizo zinatajwa kuwa ni za uhifadhi. Sipingi. Ninachosema ni kwamba kati ya aina nane za dubu, wengi hamuwezi kutaja hata nne, na huyu mwenye miwani meusi ndiye anayelipiwa tiketi ya ndege. Uzuri una bei yake, hata kwa dubu.

Wa kuzaliwa ndani: Knut, staa aliyekufa mbele ya mashabiki

Sasa tuje kwa anayenigusa zaidi. Desemba 5, 2006, bustani ya wanyama ya Berlin, dubu mweupe aitwaye Tosca alizaa mapacha akawakataa. Tosca mwenyewe maisha yake yalipita kwenye sarakasi ya Ujerumani Mashariki. Mmoja wa mapacha alikufa baada ya siku chache. Aliyebaki akapewa jina la Knut, na mtunzaji wake, Thomas Dörflein, akahamia kabisa kazini: analala palepale, anampa chupa usiku na mchana, anampigia gitaa.

Machi 2007 wakamtoa hadharani, na kamera mia kadhaa zikawa zinamsubiri. Jina lake likasajiliwa kama alama ya biashara. Midoli, pipi, jalada la jarida, nyimbo. Waziri wa mazingira akawa mlezi wake. Hela iliyoingia ilikuwa ndefu mpaka bustani nyingine, ya Neumünster, ikajitokeza na mkataba mkononi. Baba yake Knut, dubu aitwaye Lars, alikuwa mali ya Neumünster na yuko Berlin kwa mkopo, na mkataba ulisema mtoto wa kwanza atakayepona ni wao. Wakataka mgao wa mapato. Kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2009 Berlin wakalipa euro 430,000 wabaki na Knut. Mnaona? Ni usajili kabisa, mpaka na mgogoro wa klabu mbili.

Dörflein alifariki Septemba 2008 kwa mshtuko wa moyo. Knut akakua, ule udogo wa kupakatika ukaisha, akawa dubu mkubwa wa kawaida. Machi 19, 2011, akiwa na miaka minne, alianza kuzunguka, akatetemeka, akaanguka majini akazama, mamia ya watu wakiangalia. Ulikuwa ugonjwa wa ubongo. Ngozi yake sasa iko makumbusho ya Berlin, na watu bado wanapiga naye picha.

Mama yake Knut alikuwa wapi? Alikuwa palepale, ndani ya bustani ileile. Hilo ndilo jibu linaloniuma kuliko la mwindaji.

Wakati ule kulikuwa na waliosema heri angeachwa afe kuliko kulelewa na binadamu. Hapo siungi mkono, mtoto akishalia umeshamsikia. Swali langu liko nyuma zaidi: kwa nini alizaliwa pale? Dubu weupe wa bustani hawapelekwi Aktiki kuongeza wenzao. Wanazaliwa ndani ili wabaki ndani.

Wenye bustani wana jibu, na tuwasikilize. Zile zinazojiheshimu, hasa za Marekani na Ulaya, zina daftari la nasaba kwa kila aina. Humo kumeandikwa kila dubu, baba yake, mama yake, umri wake. Kuna mratibu anayeangalia nani hana undugu na nani, nani ana nafasi, halafu anashauri dume huyu aende mji fulani. Mara nyingi hawauziani, wanapeana au wanakopeshana. Wanasema ni akiba: porini kukiharibika kabisa, damu safi itakuwepo. Ni hoja ya maana. Lakini daftari linakuambia nani azae na nani. Halikuambii kama kulikuwa na haja ya kuzaa, wala halikuambii kama pipi zenye picha yake zinauzwaje.

Wa zawadi

Hii ni fupi. Mwaka 2009 mji wa Bern, Uswisi, mji wenye dubu kwenye nembo yake, ulipewa dubu wawili kutoka Urusi, Misha na Masha. Wakubwa walipeana mikono, picha zikapigwa. Mwaka 2014 Masha akazaa watoto wawili. Porini dubu dume wa kahawia hakai na familia, mama anamkimbiza. Pale walikuwa pamoja. Aprili, Misha akamuua mtoto mmoja mbele ya wageni, na wa pili watunzaji wakaamua kumuua kwa huruma asije naye akafanyiwa hivyo. Zawadi ile ilichaguliwa kwa ajili ya picha ya viongozi. Mswahili anasema zawadi haikataliwi, lakini zawadi inayopumua ina haki ya kuulizwa itaishije.

Wale ambao wangechaguliwa kwanza kama ningekuwa mimi

Machi 2013, Alaska, mwindaji wa jamii ya wenyeji, ambao sheria inawaruhusu kuwinda kwa ajili ya chakula, alimpiga dubu mweupe karibu na kijiji cha Point Lay. Akagundua ana maziwa. Yule bwana alifuata nyayo mpaka kwenye shimo, akamkuta mtoto, akamchukua akamkabidhi kwa wenye mamlaka. Mtoto akaitwa Kali. Siyo kali ya kwetu, ni jina la kijiji kile kwa lugha ya wenyeji. Alipitia Anchorage, kisha Buffalo, na mwaka 2015 akafika St. Louis.

Kali hakuchaguliwa kwa kupendeza. Alichaguliwa kwa sababu peke yake asingepona, maana dubu mweupe hufundishwa na mama yake zaidi ya miaka miwili. Marekani na Canada wako wengi kama yeye, weusi na wa kahawia pia: mama kagongwa na gari, mama kapigwa risasi kwa kuzoea majalala, mtoto amebaki. Idara za wanyamapori zinapiga simu kutafuta bustani yenye nafasi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo kwenye kiini cha hoja yangu. Bustani iliyozalisha mtoto mpya ili ijaze wageni wa kiangazi inakuwa imeshajaza nafasi. Yatima anapigiwa simu, anaambiwa hakuna chumba.

Naona wengine mna kidole juu: "Watu wana njaa, wewe unalia na dubu?" Mimi silii, nauliza zinakwenda wapi hela ambazo tayari zinatolewa. Na wale mnaosema watoto watajifunzia wapi: watajifunza vizuri zaidi kwa Kali kuliko kwa chupa ya maziwa, maana Kali ana habari ya kweli ya kuwasimulia.

Nani hasa anachagua

Mnakumbuka ile video ya China ya Julai 2023? Bustani ya Hangzhou, dubu mwembamba kasimama kwa miguu miwili, ngozi imelegea nyuma kama suruali kubwa, dunia nzima ikasema huyo ni mtu kavaa vazi. Bustani ikabidi itoe tamko kwamba Angela ni dubu wa kweli. Dubu wa aina yake, wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndio wadogo kuliko wote, na ngozi yao imelegea ili adui akimkamata aweze kugeuka akamng'ata. Kabla ya video ile nani alikuwa anamtazama? Alipogeuka kichekesho, wageni wakamiminika.

Sasa weka hiyo pembeni ya Singapore. Kule walikuwa na Inuka, dubu mweupe wa kwanza kuzaliwa nchi za joto, 1990. Joto kama la Dar, unyevu kama wa Tanga, mnyama wa barafu. Watu walimpenda, walikuwa wanamsherehekea siku yake ya kuzaliwa. Lakini bustani ilishaamua mapema kwamba haitaleta dubu mweupe mwingine. Uzee ulipomlemea, Aprili 2018, wakampumzisha, na ukurasa ukafungwa. Walimuaga staa wao bila kutafuta mbadala. Huo ni uamuzi wa watu wazima, na umenionyesha kwamba inawezekana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Bustani nyingi zinachagua dubu kwa kuangalia macho yetu yanasimama wapi. Sisi tukishangilia mtoto wa kupakatwa, watatafuta mtoto wa kupakatwa. Na huyo ana tatizo moja: anakua. Porini angekaa na mama yake mwaka mmoja na nusu hadi miwili na nusu, kutegemea aina. Kumpakata na kumpa chupa kunawezekana tu kama mama amekufa, amemkataa, au amenyang'anywa. Na baada ya miezi michache hapakatiki tena, kucha zinakuwa si za mchezo. Msimu unaofuata wageni wanapiga picha na mtoto mwingine. Yule wa mwaka jana yuko wapi? Hapo ndipo pa kuuliza kwa sauti.

Ukisafiri, na natamani wote msafiri, kabla hujatoa hela ya kiingilio uliza vitu vitatu. Dubu huyu katokea wapi? Kwa nini yupo hapa na si kwao? Akishakua atakaa wapi? Bustani nzuri wana majibu, tena wanafurahi kuulizwa, wanayaandika hata kwenye kibao. Ukiona mtu anakujibu kwa kukuonyesha bei ya picha, geuza.

Dada yetu wa kwenye picha simlaumu sana. Hakuambiwa, na sisi mashabiki wake ndio tuliompigia vigelegele. Ila kama unasoma hapa, na najua huwa unasoma, wewe una wafuasi kuliko bustani yoyote ya wanyama. Waulize wale jamaa waliokupa yule mtoto umshike, halafu utuletee jibu. Tutalipiga laiki hilo kuliko ile picha.

Na wewe uliyeuliza siku ile ukachambwa, kama upo humu, naomba radhi. Ile laiki ya saluni nimeitoa.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Umewahi kumuona dubu ana kwa ana? Uliuliza katokea wapi, au na wewe ulikimbilia selfi? Dondosha komenti hapo chini, ila leo tusichambane.